Fundi Anayeuliza "Lini"

Shofa anayeleta gari linalolia huanza na mahali. Hunyoosha kidole chini ya kiti cha abiria, au nyuma kwenye gurudumu la kulia, na yuko tayari kula kiapo kwamba sauti inatoka hapo. Fundi hodari wa Butembo, mashariki ya Kongo, hambishii. Huitikia kwa kichwa, hufuta mikono, kisha huuliza jambo jingine kabisa: "Inalia wakati gani, papa?" Ukikanyaga mafuta, au ukiyaachia? Ukipanda mlima, au hata kwenye tambarare? Alfajiri injini ikiwa baridi, au ikishapata moto? Gari likiwa tupu, au likiwa na mzigo? Shofa aliyekuja na jibu hujikuta akikuna kichwa.

Fundi ana sababu ya kutoanza na mahali. Sauti hupita ndani ya chuma kwa kasi ya zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde, kama mara 15 ya kasi yake hewani, na gari lote ni chuma kilichofungwa kwenye chuma. Kishindo kinachozaliwa kwenye difu ya nyuma hupanda chesisi, huingia kwenye bodi na kumfikia shofa kupitia kiti anachokalia. Sikio lake halikukosea kuhusu sauti, limekosea kuhusu ilikotoka. Wakati ni shahidi mwaminifu zaidi. Mlio unaokuja pale tu mguu unapobonyeza pedeli una uhusiano na nguvu inayopita, na nguvu ina njia moja: pistoni, klachi, giaboksi, shafti, difu, ekseli, gurudumu. Anayeuliza lini anatafuta ni kituo gani katika njia hiyo kinacholalamika.

Nimekaa sana kwenye vibao vya gereji za Butembo nikitazama kazi hii, na magari niliyoyapenda zaidi ni yale ya njia ya Kasugho. Kasugho iko magharibi ya Lubero, katika milima ya sheferi ya Bamate, msitu unapoanza. Watu wa mbali wanaijua kwa hifadhi ya Tayna na kwa GRACE, kituo cha kulea gorila yatima kilichoanzishwa mwaka 2009. Gorila wanne walipohamishiwa huko kutoka Goma mwaka 2010, walipelekwa kwa helikopta ya Umoja wa Mataifa. Wanyama wa thamani ile hawakutupwa barabarani. Watu, maharage, mbao na masanduku ya dawa ndio hupita barabarani.

Kutoka Butembo unafuata barabara ya taifa namba 2 kuelekea kusini, unavuka ikweta bila kuambiwa na mtu, unafika Lubero baada ya kilomita kama 45, kisha unaiacha njia kuu na kuelekea magharibi. Mradi wa lami uliozinduliwa na marais Museveni na Tshisekedi mwezi Juni 2021 ulihesabu kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo, pamoja na kipande cha Bunagana hadi Goma. Kasugho haimo. Huko ni udongo mwekundu na mvua ambayo haiendi mbali, na gari hushinda likiwa gia ya kwanza na ya pili. Injini ikiwa gia ya chini, nguvu inayopita kwenye shafti ni kubwa kuliko wakati mwingine wowote, na inapita polepole, kwa kusukuma na kuachia, kusukuma na kuachia. Maji ya tope huingia kwenye kila kiungo chenye grisi. Mlio wa kukanyaga mafuta ndio ugonjwa wa njia hiyo.

Halafu kuna suala la spea. Zinapitia Kasindi, mpakani na Uganda, zikitoka Kampala, Mombasa na hata Dubai, na zikifika Butembo zimeshaongezewa bei hapo na njiani. Katika jiji lenye duka la spea kila kona, fundi anaweza kubadilisha hiki akasikiliza, akabadilisha kile akasikiliza, mpaka kelele ikatike na pesa za mwenye gari zikatike pamoja nayo. Kwa mtu wa Kasugho, kubahatisha hivyo ni safari nzima iliyopotea. Ndiyo maana naamini umaskini wa spea umewafanya mafundi hawa wawe wasikilizaji. Wanajua pia kwamba kuna sehemu za njia ile ambazo shofa hasimami kusikiliza chochote, kwa sababu ya bunduki. Kinachoweza kusikika lazima kisikike gereji, kabla ya safari.

Jambo la kwanza ni kutenganisha injini na barabara. Gari likiwa limesimama, gia haijaingia, fundi hupandisha mafuta taratibu mpaka kiwango ambacho shofa amesema mlio unakuja. Ukija, basi magurudumu hayana hatia, na kazi iko chini ya boneti. Usipokuja, wote wanapanda gari. Barabarani huenda mwendo mmoja, tuseme kilomita 30 kwa saa, kwanza katika gia ya pili, kisha katika ya tatu bila kuongeza wala kupunguza mwendo. Injini imebadilisha mzunguko wake. Shafti ya chini haikubadilisha, kwa sababu yenyewe inafuata magurudumu. Mlio ukishuka pamoja na injini, ni wa injini au wa mbele ya giaboksi. Ukibaki vilevile, uko nyuma yake. Nusu ya gari imeshaachiliwa huru na hakuna spana iliyoguswa.

Chini ya boneti kuna mitego mingine yenye ustadi. Mkanda unaopiga kelele shofa anapoondoka kwa ghafla hunyunyiziwa maji kidogo ukiwa unazunguka. Kelele ikizidi, mkanda umelegea na unateleza. Ikikatika kwa muda mfupi halafu ikarudi, puli hazikukaa kwenye mstari mmoja, na mkanda mpya utalia vilevile baada ya wiki. Ekzosi inayovuja kwenye manifoldi hutoa tsa-tsa-tsa ya haraka inayokua ukikanyaga mafuta, lakini hupungua injini ikipata moto, kwa sababu chuma kimepanuka na kuziba ufa. Fundi anayeijua huomba gari lilale gereji ili alisikie alfajiri, na kwa tochi hutafuta alama nyeusi ya masizi kando ya gasketi. Nimewaona wenye haraka wakikataa kuliacha gari usiku mmoja. Walirudi.

Ninachokistahi zaidi ni kipimo cha nozeli. Land Cruiser nyingi za mashirika na za kukodi huku zina injini ya dizeli ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, ambayo Toyota imeitengeneza tangu 1990. Dizeli ya aina hiyo hugonga hata ikiwa nzima, kwa hiyo kugonga kwenyewe si ushahidi. Lakini katika kugonga kwa silinda sita, moja inaweza kuwa na sauti kali kuliko wenzake. Injini ikiwa inanguruma polepole, fundi huzungushia kitambaa nati ya bomba la mafuta la silinda ya kwanza na kuilegeza kidogo. Mafuta yanavuja badala ya kuingia, silinda hiyo inazimika, injini inayumba. Anakaza. Anaenda ya pili. Mkono wake hauendi mbele ya tundu, maana dizeli inayotoka kwa shinikizo lile hupenya ngozi. Akifika silinda ambayo kishindo kinapungua inapozimwa, amepata chumba chenye neno. Wengi wangenunua nozeli hapo hapo. Yeye huifungua na kuibadilishana na ya silinda ya jirani, kisha huwasha tena. Kishindo kikihama pamoja na nozeli, kosa ni la nozeli. Kikibaki palepale, kosa liko chini zaidi, kwenye pistoni au beringi ya koneti, na mwenye gari anaombwa akae kwanza.

Wakati wote huo redio ya gereji imezimwa, na watu wa soko la jirani wanaambiwa wapunguze kelele, jambo ambalo hawalifanyi. Fundi anatumia bisibisi ndefu ya chuma kitupu, ncha kwenye alternita, mpini kwenye mfupa mbele ya sikio. Anaihamisha kwenye pampu ya maji, kwenye kifuniko cha taimingi, anarudi. Mwenzake anapendelea kipande cha bomba la mpira, kwa sababu bisibisi inasikia vilivyogusana na bomba linasikia hewa inayovuja. Wanabishana juu ya hilo kwa raha.

Kuna mlio mmoja wa kukanyaga mafuta ambao mafundi wa milimani huusikia kwa nadra kuliko wenzao wa bondeni. Ni wa injini ya petroli: tatatata kavu, inayokuja ukiilazimisha ipande ikiwa katika gia kubwa. Mchanganyiko wa petroli na hewa unatakiwa uungue kwa mpangilio kuanzia kwenye plagi. Joto na mgandamizo vikizidi, sehemu iliyobaki hulipuka yote kwa mara moja. Butembo iko juu ya mita 1,700, na shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 82 ya lile la pwani, hivyo silinda haijai sana na petroli dhaifu ya vidumu vya wauzaji wa barabarani, wale wanaoitwa Kadhafi, husameheka. Gari hilohilo likiteremka Kasindi, jirani na Ziwa Edward ambalo uso wake uko karibu mita 910, likapakiwa na kuanza kupanda kurudi, linagonga. Shofa huja akilaani barabara. Fundi anamuuliza alijaza wapi.

Pikipiki nisizipite kimya, kwa kuwa ndizo zinazobeba watu wengi zaidi kuelekea Kasugho. Milio yake ni rahisi: mnyororo uliolegea hupiga kwenye kifuniko chake kila ukifungua mafuta, na meno ya sproketi yaliyopinda kuelekea upande mmoja yanaonekana kwa macho. Fundi wa pikipiki anacheka ukimuuliza habari za kusikiliza.

Narudi kwenye magurudumu manne. Land Cruiser moja ilifika kutoka upande wa Kasugho ikiwa imetapakaa tope hadi kwenye madirisha. Shofa alisema inapiga "ngo!" kila akiondoka, na kwamba ni giaboksi, ameshanusa harufu ya hasara. Ikitembea pole inalia kwi-kwi-kwi, ikikimbia inanyamaza lakini sakafu inatetemeka. Fundi alichora mstari wa chaki ubavuni mwa tairi la nyuma na kumwambia shofa aendeshe kwa mwendo wa mtu anayetembea. Apranti alitembea kando ya gurudumu, ameinama, akihesabu. Kwi nne na zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa chaki.

Hesabu ile ilitosha. Katika gari la aina hii difu hupunguza mzunguko kwa takribani nne kwa moja: shafti ndefu ya chini, ambayo huku wanaiita kardani, huzunguka mara nne gurudumu linapozunguka mara moja. Kinacholia mara moja kwa mzunguko wa chaki ni breki, tairi au beringi ya gurudumu. Kinacholia mara nne kinakaa kwenye kardani. Fundi aliweka mawe kwenye magurudumu, akatoa gia na breki ya mkono, akaingia chini ya gari, akaishika kardani kwa mikono miwili na kuizungusha huku na huku. Krosi ya nyuma, kile kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiruhusu shafti kujikunja, ilicheza kidogo. Kwenye vikombe vyake kulikuwa na unga mwekundu kama wa pilipili. Ni kutu: sindano ndogo za chuma zilizomo ndani zimekaukiwa grisi, zikasagana. Ile "ngo!" ni nafasi iliyobaki, inayozibwa kwa ghafla injini inapoanza kuvuta.

Kabla ya kufungua boliti hata moja alichukua patasi na kugonga alama kwenye flenji ya kardani na ya difu, kisha alama nyingine pale shafti inapoingiliana na nusu yake ya pili. Apranti mmoja mgeni aliuliza ya nini. Krosi iliyojikunja haizunguki kwa mwendo sawa. Huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Kardani ina krosi mbili ili ya pili ifute kosa la ya kwanza, na hilo linawezekana tu ikiwa pande zake zimekaa sambamba. Ukiirudisha shafti imekosea jino moja, utakuwa umebadilisha krosi kwa ufundi mzuri na kumrudishia mtu gari linalotetemeka kuliko lilivyokuja, na hakuna atakayejua kwa nini.

Krosi ya zamani ilitolewa kwa jiriwa na soketi, bila nyundo ila mwishoni. Mpya ilifunguliwa kwenye karatasi safi. Hapa palikuwa na utulivu ambao ungefaa kuonwa na kila mwenye haraka: kila kikombe kina sindano zaidi ya ishirini zilizosimama ukutani, zikishikiliwa na grisi tu. Moja ikilala chini, kikombe hakifiki mwisho, pete ya kuzuia haiingii, na mtu asiyejua hupiga nyundo mpaka sindano inavunjika ndani. Fundi aliingiza vikombe kwa kusukuma kidogo upande huu, kidogo ule, akiuchezesha msalaba kwa kidole kila mara kuhakikisha unazunguka laini. Kimoja kilikaza. Alikitoa, akakitazama ndani, akasimamisha sindano moja kwa ncha ya waya, akaanza upya. Hakusema kitu wala kuudhika.

Kisha grisi. Alipampu kwenye chuchu ya krosi mpya mpaka grisi ikachungulia kwenye pembe zote nne. Akahamia krosi ya mbele, ambayo hakuna aliyeilalamikia. Kwanza yalitoka maji ya kahawia, halafu tope, halafu grisi nyeusi, na hakuacha mpaka ikatoka ile ya rangi ya dukani. "Kila ukirudi Butembo, papa, hii kwanza, chakula baadaye," alimwambia shofa. Sidhani kama shofa alikubaliana na mpangilio huo.

Walilipandisha gari kilima cha nyuma ya gereji na mimi nikakaa katikati yao. "Ngo!" haikuwepo. Sakafu ilitulia. Kelele kubwa inapoondoka ndipo ndogo zinapojitokeza, na shofa, aliyekwisha kujifunza kusikiliza kwa siku moja, alianza kuzitaja kwa hofu. Ya kwanza ilikuwa mkwaruzo mkali nyuma. Fundi alimwomba arudi nyuma kidogo kisha aende mbele, na kokoto iliyonasa kati ya diski ya breki na bati lake ikadondoka yenyewe. Ya pili ilikuwa "uuu" ya chini kabisa. Alimwambia aachie mafuta: ikaendelea. Akamwambia akate kona kushoto: ikazidi, kulia: ikapungua. Hiyo haijali mguu wa shofa, inajali uzito unalalia wapi. Beringi ya gurudumu la kulia. Kama ingekuwa difu ingeimba alipokanyaga na kunyamaza alipoachia, na angefungua boliti ya kumwagia oili kutazama sumaku yake: unga laini wa kijivu ni uzee wa kawaida, vipande vinavyomeremeta ni habari nyingine.

Gurudumu lilinyanyuliwa kwa jeki, likatikiswa juu na chini. Lilicheza kidogo sana. Beringi iliondolewa, ikaoshwa kwa petroli, ikatazamwa juani njia yake yote. Haikuwa na shimo wala rangi ya bluu ya kuungua. Ilipakiwa grisi, ikarudi, nati ikakazwa, ikalegezwa, ikakazwa tena mpaka gurudumu lizunguke bila kucheza na bila kuzuiwa. Itaimba kidogo bado, alisema, na inaweza kwenda Kasugho na kurudi mara kadhaa. Sikiliza kama inapanda sauti. Sehemu hii ya ufundi huwa haisifiwi, kwa sababu haionekani kwenye bili: kujua sauti ipi si ya leo.

Shofa alibaki na moja. Akikanyaga mafuta kufika mzunguko fulani, kitu chini ya miguu yake kilitetema, drrrr, kikakoma. Fundi hakulala chini hata kutazama. Ni bati la kuzuia joto la ekzosi, alisema, boliti yake moja imekwenda na maji, na hiyo waya iliyolishika itatosha.

"Kwa hiyo niiache tu?"

"Iache ilie. Ikinyamaza ndiyo uje, maana bati litakuwa limebaki njiani."